Kichaka kinachanua kila mwaka lakini hakizai, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi naishi Louisville, Kentucky, mwaka wa nne huu nina kichaka cha spicebush nyuma ya nyumba, niliambiwa matunda yake ndo viungo vya asili vya huku. Kila mwezi wa tatu kinajaa maua ya njano ila tunda hata moja sijaona, mbolea nimeweka mpaka nimechoka. Na nikiyapata, kwenye pilau yanafaa?
Mama wawili

JIBU: Salama mama, pole. Mbolea acha kwanza, hakiumwi hicho. Mmea huu una dume na jike kama mpapai, dume linachanua vizuri tu ila halizai, na jike bila dume la jirani maua yanapukutika bure. Yakitoka tena chukua ua moja uliangalie kwa karibu, ukiona kipunje cha kijani katikati hilo ni jike, ukiona vijiti vya unga wa njano tu ni dume, halafu mtafutie mwenzie. Kama kwenye kitalu hawajui jinsia panda mitatu minne. Unapenda udongo wenye unyevu na kivuli, ila kivuli kizito kinapunguza matunda.

Yanaiva mwezi wa tisa, mekundu kama buni mbivu ila madogo. Hapa naomba sana uwe makini maana huko kwenu honeysuckle (kichaka kingine) imejaa kila kona na yenyewe ina matunda mekundu ambayo hayaliwi! Majani yake yanakaa mawili mawili yanatazamana, ya spicebush yanapishana na ukiyafikicha yananukia. Kama huna uhakika usile.

Pilau? Yanafaa sana, huu ni ukoo mmoja na mdalasini, ladha iko kati ya karafuu na pilipili manga na kwa mbali kama ganda la chungwa. Kausha, saga, punguza karafuu, anza na matunda matatu kwa kilo ya mchele maana yana nguvu. Yanayobaki weka friza, yana mafuta mengi, kabatini yanaharibika haraka.

Kwa sasa hata kama lako ni dume, chemsha vijiti vyake na tangawizi unywe chai, tamu mno. Na ukikuta jani limekunjwa ndani kuna kiwavi wa kijani mwenye madoa kama macho, tafadhali usipulize dawa, huyo ni mtoto wa kipepeo mzuri mweusi na mmea wenyewe haudhuriki.