Barua kwa Babu Baharia: "Mama hataki kaka aende baharini"

SWALI
Shikamoo Babu. Nakuandikia kutoka Likoni. Kaka yangu amepata kazi chumba cha injini kwenye meli ya mizigo, anapanda mwezi ujao. Mama ametazama video za Pembetatu ya Bermuda na za ile ndege ya Malaysia, na sasa hapati usingizi. Anasema bahari ina mahali inapomeza watu na hakuna ajuaye sababu. Je, ni kweli? Tumwambie nini?
Msomaji, Likoni

JIBU
Marahaba, mjukuu wangu. Msalimie mama, umwambie hofu yake naijua. Nimelelewa nayo.

Ami yangu aling'oa nanga Bandari ya Kale ya Mombasa msimu wa kusi, mimi nikiwa na miaka kumi. Walikuwa watano, na mashua imejaa magunia ya mahindi ya kwenda Wete, kisiwani Pemba. Hawakufika Wete wala hawakurudi. Siku ya kumi na mbili wavuvi waliokota ubao Ngomeni, kule kaskazini ya Malindi, wenye rangi ya kijani aliyoipaka ami kwa mkono wake. Mtaani kwetu wakasema ni pepo wa bahari. Wanawake wakapeleka udi na halua ufukweni.

Baba alisafiri kwenda kuutazama ule ubao. Aliporudi alisema neno moja tu: kalafati. Mashua ile ilikuwa haijatiwa kalafati, yaani haijazibwa mianya ya mbao zake, kwa miaka miwili. Ami aliomba pamba ya kuzibia na sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo, lakini mwenye chombo akamwambia aende safari moja zaidi. Na huyo mwenye chombo alikuja matangani, akakaa mkekani, akanywa kahawa yetu. Mtaa mzima ulikuwa umeshasema ni pepo, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza habari ya pamba.

Tangu siku ile, nikisikia chombo kimepotea kimuujiza, macho yangu humtafuta mwenye chombo.

Hiyo Bermuda nitaipitia upesi. Jina la Pembetatu lilianza mwaka 1964, kwa makala ya mwandishi wa Kimarekani, Vincent Gaddis. Zile ndege tano za kijeshi zinazotajwa kila mara zilipotea Desemba 5, 1945, zikiwa na watu 14 waliokuwa mazoezini. Kiongozi wao aliamini dira zake zimeharibika, akadhani yuko juu ya visiwa vya kusini mwa Florida, akawazungusha mpaka usiku ukaingia, bahari imechafuka na mafuta yanakwisha. Ndege iliyokwenda kuwatafuta nayo haikurudi, na meli moja iliyokuwa karibu iliona moto mkubwa. Ni msiba wa kulia, lakini mama yako hana haja ya kutafuta jini ndani yake. Maji yale hupitiwa na vyombo vingi mno, na kwa wingi huo hayapotezi vingi kuliko bahari nyingine.

Msimulie mama habari za Derbyshire. Ilikuwa meli ya Uingereza, urefu wake karibu mita 294, ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira. Septemba 1980 ilikuwa ikipeleka madini ya chuma Japani, ikakutana na kimbunga, ikapotea na watu 44. Redioni halikusikika hata neno la kuomba msaada. Wengi wangeishia hapo. Jamaa za waliopotea walikataa. Walibisha milango miaka na miaka, hadi chama cha kimataifa cha wafanyakazi wa uchukuzi kikalipia msako, na mwaka 1994 meli ikaonekana imelala vipandevipande, zaidi ya kilomita nne chini ya maji. Kisha wataalamu wakasema mabaharia wenyewe ndio walioacha mfuniko mmoja wa omo, yaani mbele ya meli, bila kuufunga sawasawa. Jamaa wakakataa tena. Mwaka 2000 uchunguzi wa mahakama ukawasafisha wale mabaharia: bahari ilivunja vitu vya sitahani kule omo, maji yakaingia kidogo kidogo, omo ikainama, mawimbi yakapata kuvunja mifuniko ya shehena ambayo haikuwa na nguvu ya kuyahimili. Baada ya hapo kanuni za mifuniko zikakazwa. Kaka yako atalala salama zaidi kwa sababu wajane na mama wa watu wale hawakukubali kuambiwa "bahari tu".

Ndege ya Malaysia ni jeraha bichi, sitalifunika. Iliondoka Kuala Lumpur Machi 8, 2014 na watu 239, na kwa nini iligeuka njia halijapatikana jibu. Lakini haikuyeyuka. Ishara za satelaiti zilionyesha ilielekea kusini mwa Bahari ya Hindi. Julai 2015 kipande cha bawa kikaokotwa Réunion, na mwaka 2016 kingine kikubwa kikapatikana Pemba, hapa jirani, wachunguzi wakathibitisha ni chake. Mkondo wa maji hutoka mashariki, ukapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, ukaigonga Afrika, na tawi lake moja likapanda kaskazini: Pemba, kisha sisi, kisha Malindi. Nilipozisikia habari hizo niliketi barazani muda mrefu. Ubao wa ami ulipanda njia hiyohiyo.

Basi kaka aende, lakini aulize mapema. Wakala aliyempa kazi ana leseni ya Kenya Maritime Authority? Meli inabeba nini? Madini yenye unyevu, kama ya nikeli, yanaweza kugeuka uji tumboni mwa meli na kuipindua kwa dakika chache. Meli nyingi zimekwenda hivyo. Maboti ya kuokolea yanashushwa kwa mazoezi, au yamepakwa rangi tu? Kile kifaa cha dharura kinachojichomoa chenyewe meli ikizama na kuita satelaiti, betri yake haijapitwa na tarehe? Akiona wakubwa wanakasirika kuulizwa maswali hayo, ashuke. Nimewahi kushuka mimi, na sikujuta.

Tena kabla hajapanda, awaachie namba ya IMO ya meli, namba ya kuitambulisha popote duniani. Ni tarakimu saba. Meli hubadilishwa jina, hubadilishwa bendera, huuzwa, namba hiyo haibadiliki mpaka ikatwe chuma chakavu. Mama aiandike kwa wino, aibandike nyuma ya mlango wa jikoni, na nakala uniletee mimi.