Ami wa Kitalu Ajibu: Mkungu Unaodondosha Asali

SWALI: Ami, shikamoo. Nina mkungu uani kwetu Majengo, aliupanda marehemu baba. Tangu kaskazi ianze kuvuma, majani yake yananata, na gari likilala chini yake, asubuhi lina matone kama shira. Sasa kibaraza na majani ya chini vimekuwa vyeusi kama vimepakwa masizi. Sisimizi wanapanda shina kutwa kucha. Majani mengine yamekuwa mekundu yanapukutika. Jirani asema tumefanyiwa husuda. Fundi mmoja ataka kuukata, mwingine asema tuumwagie dizeli shinani wadudu wafe. Tufanyeje?
Mama wa watoto watatu, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiukate, na hiyo dizeli waachie wenye malori.

Kwanza tuyatoe majani mekundu kwenye kesi hii, maana hayana hatia. Mkungu ndivyo ulivyo: kiangazi kikikaza, majani yanageuka mekundu, yanaanguka, kisha unachipua upya. Huenda ukafanya hivyo hata mara mbili kwa mwaka. Husuda nayo sina dawa yake. Kazi yangu ni miti.

Chukua jani moja linalonata, ligeuze, utazame upande wa chini kwenye jua. Ukiona unga mweupe uliozungushwa mizungumizungu kama alama ya kidole gumba, hao ni nzi weupe wa mizunguko. Asili yao Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, ila siku hizi ni wenyeji kama mimi na wewe. Mpera wanaupenda, mgomba wanaupenda, na mkungu ndio pilau yao. Ukiona badala yake vidonge vya pamba vimejibana kwenye mishipa ya jani, hao ni vidung'ata. Ukiona magamba madogo yaliyogandamana na kijiti, yasiyotembea hata ukiyagusa, hao ni wadudu gamba. Majina matatu, lakini wizi ni ule ule: wanatoboa jani wananyonya utomvu.

Utomvu una sukari nyingi na chakula cha kujenga mwili kidogo. Basi mdudu hunywa mwingi mno apate hicho kidogo, na sukari iliyozidi huitoa nyuma. Hiyo asali inayodondokea gari lenu, kwa lugha ya barazani, ni choo chao. Nako kule kweusi ni ukungu uliomea juu ya sukari. Haukuingia ndani ya jani. Paka mate kidoleni usugue, utaona kijani kimetokea. Ubaya wake ni kwamba unalifunika jani lisipate jua.

Sasa sisimizi. Watu wengi huwaua hao wakadhani wameshinda vita, kumbe hao ni wachungaji tu. Wanapanda kunywa ile asali, na kwa kuwa ni mali yao, wanawafukuza vibibi, wale mbawakawa wadogo wenye madoa, na vinyigu wadogo wanaowala wale wanyonyaji. Kwa hiyo mzuie mchungaji, usihangaike kumuua. Zungusha kipande cha nailoni kwenye shina, usawa wa kifua, ukifunge kwa kamba kisha paka grisi juu ya nailoni. Nasema juu ya nailoni, si juu ya gome. Nilipokuwa kijana wa kitalu nilipaka oili chafu shina zima la mwembe wa mama yangu ili niwakomeshe sisimizi. Gome lilioza, mwembe ukakauka kuanzia juu, na mama alikaa mwezi mzima ananiita “fundi” kwa sauti ambayo bado naisikia. Dizeli itakufanyia vivyo hivyo, tena upesi zaidi.

Tazama pia tawi lolote linalogusa ukuta au waya wa nguo, ulipunguze. Sisimizi akikosa ngazi hutafuta daraja.

Baada ya hapo, osha. Mvua ya masika ndiyo dawa yao kubwa, lakini hatuwezi kuingoja huku kibaraza kinanata. Matawi ya chini yamwagie maji kwa mpira, kutoka chini kwenda juu, ili yapige tumbo la jani. Najua maji Majengo ni ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Kama mna kisima cha maji ya chumvichumvi, tumieni hayo hayo. Mkungu ni mti wa ufukweni, chumvi hauiogopi. Kisha jioni, jua likishapoa, nyunyiza sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Rudia baada ya wiki moja. Ukitaka kali zaidi, ponda mbegu za mwarobaini gramu 50 kwa kila lita ya maji, uache usiku kucha, uchuje, unyunyize. Usisumbuke na kilele. Chini kukipata nafuu na wachungaji wakizuiwa, vibibi watapanda wenyewe.

Dawa kali za dukani nakukataza. Zinaua vinyigu kwanza, na wanyonyaji hurudi wakakuta uwanja mtupu. Mwaka 1992 chawa wa lusina, ule mti wa malisho ya mifugo, alipoingia pwani yetu ya Kenya, lusina za wafugaji zilibaki vijiti. Mdudu huyo alitoka Amerika, na wataalamu walipotaka kumpunguza walimletea vinyigu wa asili ya huko huko. Kabla yake, mwaka 1990, vidukari wa misanduku, ile miti ya saiprasi, walivamia bara wakakausha ua baada ya ua, na huko nako aliletwa kinyigu.

Neno la mwisho kwako, nimeliacha makusudi kwa kuwa hukuniuliza. Picha uliyotuma inaonyesha matofali ya kabro yamepangwa hadi kwenye shina. Mti huo unakunywa wapi? Ng'oeni kabro mita moja kuuzunguka pande zote, mweke majani makavu badala yake. Hata wadudu wakiondoka, mti wenye kiu hautachipua vizuri.

SWALI: Ami, shamba letu la mikanju liko Kilifi. Nikienda kila mwezi nakuta matawi yameanguka, yamekatwa mviringo kama kwa msumeno. Msufi wa mpakani nao umeanza. Mlinzi aapa si yeye.
Mkaazi wa Kongowea

JIBU: Mlinzi ni mkweli, mwombe radhi. Mkataji ni mbawakawa mwenye papasi ndefu, mgongo wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusi. Huguguna tawi kwa kulizunguka hadi kibaki kiini chembamba, na hutaga mayai kwenye sehemu ya juu, ile inayokufa. Mabuu hukulia humo humo. Kwa hiyo tawi lililoanguka ndilo kitalu chake. Okota yote, na yale yanayoning'inia uyaangushe, uchome moto. Usiyapange rundo nyuma ya banda kungoja kuni za mwakani, utakuwa umemfugia.

SWALI: Chini ya mivinje yangu Shanzu kumejaa jongoo wakubwa weusi, miguu myekundu. Niwawekee sumu kabla hawajaua miti?
Babu, Shanzu

JIBU: La, babu yangu, waache. Jongoo huyo hali mti ulio hai, anakula majani makavu ya mvinje, yale kama sindano. Jirani zako Bamburi ni mashahidi. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji, alipoanza kupanda mivinje kwenye machimbo ya mawe yaliyobaki utupu, mwaka 1971, sindano zilianguka zikarundikana bila kuoza. Wakapelekwa jongoo, wakazila, na choo chao kikageuka udongo kwenye jiwe. Leo watu wanalipa kuingia kutazama msitu huo. Wako umekuja bure mpaka uani.