Kuandika michezo ya maandishi ukiwa unatumia kisoma skrini: achana na ramani, shika faili

Mkuu, umesema huoni, unatumia NVDA (kisoma skrini cha Windows, kinachokusomea kwa sauti), unataka kuandika michezo ya maandishi ambayo mchezaji anasoma kipande kisha anachagua afanye nini, na kila unayemuuliza anakutajia programu ya Twine. Mimi pia sioni, na michezo hii naiandika kwa NVDA hiyo hiyo. Nakwambia ninavyofanya.

Twine si chombo kibaya. Chris Klimas aliitoa mwaka 2009 na imewaingiza wengi kwenye uandishi huu bila kusomea programu. Shida yake kwetu ni ramani. Kila kifungu cha hadithi ni kisanduku, visanduku vinaunganishwa kwa mishale, na mwandishi anavipanga kwa kuburuta kipanya. Anayeona anatupa jicho mara moja anajua hadithi imekaaje. Wewe ramani hiyo haikusaidii chochote. Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja tu: kazi yangu ifunguke kwenye Notepad, mstari kwa mstari. Isipofunguka, chombo hicho sikitaki hata kisifiwe vipi.

Ninachotumia zaidi ni Ink, lugha ya kuandikia hadithi za machaguo ya studio ya Inkle ya Uingereza, ambayo tangu 2016 imekuwa bure na msimbo wake uko wazi. Tazama kipande hiki:

=== jikoni ===
Moto umezimika. Sufuria bado iko juu ya mafiga.
* [Funua sufuria] -> sufuria
+ [Toka uani] -> uani

Ni hivyo tu. Alama za sawasawa zinafungua kifungu, mshale unakupeleka kifungu kingine. Chaguo lenye nyota likishachaguliwa linatoweka, lenye alama ya kujumlisha linabaki hata ukirudi. Chaguo likiwa ndani ya chaguo, unaongeza nyota ya pili, huhesabu nafasi mwanzoni mwa mstari. Hapo ndipo iliponinasa, maana nyota inasikika na nafasi tupu haisikiki. Bonyeza NVDA na P hadi alama zote zisomwe, vinginevyo itameza baadhi yake na utashangaa hitilafu inatoka wapi. Kujaribu mchezo, endesha inklecate, programu ya Ink inayoendesha faili lako, kwa -p kwenye dirisha la amri: unasomewa kipande, unaandika namba ya chaguo, unaendelea.

ChoiceScript, lugha nyingine ya michezo hii, nayo ni faili tupu za txt, na mchezo unaotoka ni rafiki sana kwa visoma skrini: machaguo ni vitufe vya redio vya kawaida (unachagua kimoja tu), chini yake kitufe cha kuendelea. Ina pia Quicktest na Randomtest, zinazoupitia mchezo zenyewe kutafuta njia zilizokatika, na kwa mtu asiye na ramani mbele yake hilo ni jambo kubwa. Ila kuna mawili ya kujua. Kwanza, inategemea nafasi za mwanzo wa mstari, na ukichanganya tab na spesi inagoma. Fungua mipangilio ya uumbizaji wa hati kwa NVDA+Ctrl+D, washa usomaji wa nafasi hizo, chagua milio badala ya maneno. Mlio unapanda kadiri unavyoingia ndani, na baada ya muda sikio linazoea. Pili, leseni yake ni ya bure kwa kazi isiyo ya biashara. Ukitaka kuuza, lazima ukubaliane na wenyewe.

Kama moyo wako bado uko kwenye Twine, andika kwa mtindo wa Twee, yaani hadithi ya Twine kama maandishi matupu: nukta pacha mbili na jina la kifungu, maandishi chini yake, viungo ndani ya mabano ya mraba mawili mawili. Kisha programu ya Tweego inakugeuzia yote kuwa ukurasa mmoja wa HTML. Ramani huigusi kabisa.

Mtu atakutajia Inform 7, ambamo mchezaji anaandika amri mwenyewe, "chukua taa", "fungua mlango". Ni chombo kizito, na kwa Kiingereza nakipenda. Kwa Kiswahili, jiandae kwa kazi. Majibu yake ya ndani ni ya Kiingereza, na ukishayatafsiri unakutana na ngeli: taa imefungwa, mlango umefungwa, kabati limefungwa, kisanduku kimefungwa. Hapo mchezaji hajaandika "ichukue" wala "ufungue" akitegemea mchezo ujue anasema kitu gani. Mimi kwa Kiswahili nimebaki kwenye michezo ya machaguo, kila sentensi naiandika mwenyewe na upatanisho naumaliza hapo hapo.

Jambo la mwisho ambalo waandishi wengi hulisahau, hata wasiotuona sisi kama wachezaji wao: chombo kinaweza kukufaa wewe na mchezo ukamtesa anayecheza. Ukiupeleka mchezo kwenye wavuti, maandishi mapya yakiongezwa chini ya ukurasa kisoma skrini kinaweza kukaa kimya, hivyo sehemu hiyo iwekewe kwenye HTML aria-live="polite", inayokiambia kisome kilichoongezwa. Viungo viwe viungo halisi vinavyofikiwa kwa Tab, na madoido ya herufi kutokea moja moja yaondoe. Kabla hujamtumia mtu, ufungue kwenye simu yenye TalkBack, kisoma skrini cha Android, na ucheze hadi mwisho, kwa sababu wengi watakaoupokea watauchezea huko.

Ukikwama kwenye inklecate, bandika hapa mstari wa hitilafu kama ulivyo pamoja na mistari miwili mitatu iliyo juu yake.