Kwa mnaoanza kutayarisha kipengele cha "Siku Kama ya Leo"

Ndugu zangu mliopangiwa kutayarisha kipengele cha "Siku kama ya leo" redioni, huenda mmekwisha kuambiwa kwamba hiyo ni kazi ya wanagenzi, kwa kuwa dakika zake ni chache na orodha za matukio zipo tele. Nami niliamini hivyo, mpaka tarehe 20 Oktoba iliponifunza adabu.

Asubuhi hiyo nilisoma hewani kwamba Jomo Kenyatta alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kipindi hakijaisha, mzee mmoja akapiga simu na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, walimchukua kabla hajalala au karibu na kuamka?" Sikuwa na jibu. Gavana wa kikoloni, Evelyn Baring, alitia saini tangazo la hali ya hatari nchini Kenya siku ya Jumatatu, tarehe 20, lakini askari walipomfikia Kenyatta nyumbani kwake, saa sita ya usiku ilikwisha kupita, nayo kalenda ilikuwa imegeuka. Kiswahili kina namna yake safi ya kusema jambo kama hilo, "usiku wa kuamkia tarehe 21", na ningeitumia, nisingeaibika. Ongezeni pia kwamba sikukuu ya tarehe 20 iliitwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipoifanya Siku ya Mashujaa, kwa sababu msikilizaji kijana hulijua jina hilo jipya tu.

Michezo ina mtego wake, nao ni tofauti ya saa. Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha mbali Jim Ryun wa Marekani aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Siku hiyohiyo Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa nzima baadaye, jua limezama na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji baada ya kuanguka njiani, akamaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, ilhali walioanza walikuwa 75. Kwa kuwa Mexico City ilikuwa nyuma yetu kwa saa tisa, Dar es Salaam wakati huo ilikuwa alfajiri ya tarehe 21. Andikeni tarehe ya mahali tukio lilipotokea, kisha mseme waziwazi kwamba ni ya huko. Maneno ya Akhwari kuhusu nchi yake kumtuma amalize mbio yananukuliwa kwa namna nyingi, hata umbali unaotajwa ndani yake hubadilika, kwa hiyo mimi husimulia alichokifanya na kuyaacha maneno.

Tarehe hiyo ina mengine: Dick Fosbury wa Marekani aliruka juu mita 2.24 kwa kutanguliza mgongo palepale Mexico City, jumba la opera la Sydney lilifunguliwa mwaka 1973, na Muammar Gaddafi aliuawa Sirte mwaka 2011. Yote ni kweli, lakini mkiyasoma mfululizo mtakuwa mnasoma rejista ya shule. Wala msitafute uzi wa kuyaunganisha, niliwahi kuandika kwamba Keino "aliwalipia kisasi" wafungwa wa Kapenguria, yaani Kenyatta na wenzake waliohukumiwa huko baada ya kukamatwa, na mhariri akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Sadfa." Alikuwa na haki.

Siku hizi karatasi yangu ya tarehe 20 Oktoba ina mambo matatu tu. Hali ya hatari hutangulia na kuchukua nusu ya muda, Keino hupata sentensi mbili, na sekunde zinazobaki kabla ya muziki kuingia nimemwachia Akhwari, goti lake na ule uwanja uliokuwa karibu mtupu.