Mguu mmoja kuvimba ghafla: msiukande

Pole dada. Unasema mguu mmoja wa mama umevimba tangu jana, baada ya kukaa safari ndefu ya basi la Mwanza hadi Tanga: kwanza shuku damu iliyoganda mshipani. Msiuchue kwa mafuta ya nazi tafadhali. Bonge la damu likichomoka huweza kuziba mishipa ya mapafu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima shavu la kila mguu, sentimita 10 chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, shaka inaongezeka. Isipofika, bado mpelekeni hospitali ya Bombo, hapo Tanga, leo apigwe ultrasaundi ya mishipa. Akibanwa kifua au kuhema kwa shida, msingoje hata dakika.

Ngozi ikiwa ya moto na ana homa, huenda ni maambukizi. Matende? Pwani tunayashuku upesi, ila kwa kawaida huja taratibu.