Maswali ya Wasomaji: Programu ya Kurekodi Skrini na Umeme Unaokatika

Swali

Ndugu Mhariri, mimi ni mkufunzi wa uhasibu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Baadhi ya wanafunzi wangu wa mwishoni mwa wiki hutoka Kongwa na Mpwapwa, na wasipopata nauli hukosa kipindi. Nimeamua kuwarekodia masomo ya Excel nikiwa nyumbani. Programu ya kwanza niliyopakua iliweka jina lake juu ya video na kujizima kila baada ya dakika kumi. Ya pili niliipenda, lakini umeme ulikatika nikiwa nimefika dakika ya 40 ya somo la usuluhishi wa hesabu za benki (kulinganisha daftari la hesabu na taarifa ya benki), na faili la MP4 lililobaki halifunguki. Kompyuta yangu ni ya mezani, yenye prosesa ya Core i3, RAM ya GB 4 na Windows 10. Je, ninunue programu ipi?

Mkufunzi, Nzuguni

Jibu

Ndugu Mkufunzi, kabla hujatoa hata shilingi moja, turudi kwenye lile somo la dakika 40, kwa maana jibu lako limo humo. Faili la MP4 la kawaida ni kama leja ambayo faharasa yake hujazwa mwishoni: picha na sauti huandikwa kwenye diski muda wote unaporekodi, lakini orodha inayoonyesha kila kipande kimekaa wapi huandikwa pale tu unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, sehemu kubwa ya somo imo ndani ya diski, ila kichezeo cha video hakijui pa kuanzia. Faili la MKV, ambayo ni aina nyingine ya faili la video, halina udhaifu huo, kwani likikatizwa dakika ya 40, karibu zote utazikuta zikicheza. Mimi mwenyewe niliwahi kuketi gizani Ipagala nikisubiri umeme urudi, nikiamini kazi yangu ya saa nzima ipo salama, kumbe nilikuwa nalinda faili bubu. Tangu siku ile, swali langu la kwanza kuhusu programu yoyote ya kurekodi ni kile inachokuachia inapozimwa ghafla.

Kwa kipimo hicho, usinunue kitu. Pakua OBS Studio kutoka tovuti yake yenyewe, obsproject.com, wala usibofye tangazo linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji, kwa sababu matapeli hupenda kuweka nakala zenye virusi mahali kama hapo. Ni programu huria isiyolipiwa, haina kikomo cha dakika na haichapi jina lake kwenye kazi yako. Ilianza mwaka 2012 kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja, ndiyo maana mtu akiifungua mara ya kwanza huona vidirisha vingi kama meza ya fundi mitambo wa redio. Vingi kati ya hivyo hutavihitaji. Ongeza chanzo kimoja kiitwacho Display Capture, kinachonasa skrini nzima, hakikisha mstari wa kijani wa sauti unacheza unapoongea, kisha katika mipangilio ya kurekodi chagua MKV. Somo likikamilika, ingia menyu ya File, chagua Remux Recordings, nawe utapata MP4 baada ya muda mfupi sana, kwa kuwa video haibanwi upya bali inahamishwa tu kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Matoleo kuanzia 30.2, lililotoka mwaka 2024, yana pia aina ya MP4 inayostahimili kukatizwa, lakini kwa kompyuta yako ningebaki na MKV.

Huenda umeambiwa kwamba Windows 10 tayari ina kinasa chake, yaani Game Bar, kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na G. Ni kweli kipo, lakini hurekodi dirisha la programu moja tu. Ukianzia Excel kisha ukahamia kwenye taarifa ya benki iliyo katika kivinjari, mwanafunzi ataendelea kuiona Excel huku akikusikia ukieleza tarakimu asizoziona. Kwa somo la usuluhishi, ambalo kazi yake yote ni kulinganisha karatasi mbili, hilo halifai kabisa. Programu za kulipia kama Camtasia zina faida ya kurekodi na kuhariri mahali pamoja, nami sizibezi. Hata hivyo, RAM ya GB 4 haitakupa raha ya kuhariri humo.

Kuhusu nguvu ya kompyuta, punguza fremu, yaani picha zinazonaswa, kutoka 30 hadi 15 kwa sekunde, kwani seli za Excel hazikimbii. Kama katika orodha ya njia za kubana video utaiona Quick Sync, ichague, maana kazi hiyo itafanywa na sehemu ya picha ya Intel na prosesa itapumua; usipoiona, tumia x264, njia inayotegemea prosesa yenyewe, kwa kasi ya ultrafast. Weka skrini yenyewe kwenye 1280 kwa 720 kabla ya kuanza. Wewe utaiona ina ukungu kidogo, lakini video itatoka safi na yenye herufi kubwa, jambo ambalo atakayetazama kwenye simu akiwa Mpwapwa atalishukuru.

Huyo wa Mpwapwa anatumia bando, kwa hiyo tupige hesabu. Video ya kilobiti 1,000 kwa sekunde huchukua takriban MB 7.5 kwa dakika, hivyo dakika 40 ni MB 300 bila sauti. Ukigawa somo katika vipande vya dakika nane, kila kimoja kitakuwa kama MB 60, na hata umeme ukikatika utarudia kipande kimoja tu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa maana ukituma kama video ya kawaida itabanwa tena na tarakimu ndogo zitageuka madoa.

Sauti ndiyo huwashinda wengi. Zima pangaboi, funga madirisha (upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane unaufahamu), na sogeza maikrofoni iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni. OBS ina kichujio cha kupunguza kelele, lakini mvua ikigonga bati, ahirisha somo.

Jambo moja la mwisho linakuhusu kwa kazi yako: usirekodi daftari la hesabu lenye majina na namba za akaunti za watu halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na video ikishasambaa kwenye makundi ya simu hairudishwi. Tunga wateja wa kubuni.

Swali

Nina duka la vifaa vya ujenzi Manyoni. Nataka video za dakika mbili za kumwonyesha keshia mpya namna ya kuingiza mauzo. Kompyuta ni ya Windows 11. Nami nihitaji OBS?

Msomaji, Manyoni

Jibu

Hapana. Fungua Snipping Tool iliyomo humo humo, au bonyeza Windows, Shift na R kwa pamoja, chora mstatili kuzunguka sehemu ya mauzo, kisha anza. Washa maikrofoni kabla ya kuanza, na usilisogeze dirisha la mauzo baada ya hapo, kwa sababu mstatili hautalifuata.