Thank You ya Duran Duran: nusu ya lawama ni halali

Ndugu yangu uliyeuliza kama Thank You, albamu ya Duran Duran, bendi ya Uingereza, ya mwaka 1995 ambayo karibu yote ni nyimbo za wenzao, ni mbovu kama wakosoaji walivyodai: nusu ya lawama ni halali, nusu nyingine ni uonevu.

Mimi ni mpiga gita hapa Lubumbashi na kopi, yaani nyimbo za watu wengine, ndizo zinazonilisha: harusi za Katuba, baa za Kenya, komini ya hapa mjini. Tukipiga Masanga ya Mwenda wa Bayeke, mpiga gita wa huku kwetu, ile aliyoirekodi Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, wazee huweka chupa chini. Macho yao yote yako kwenye mkono wa kulia: dole gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinachukua melodi. Kubadilisha wanakuruhusu, mradi wimbo usikwame. Mzee mmoja alimwambia mwenzangu wa solo: "Mwanangu, umepiga yote sawasawa, lakini umeipigia nini?"

Hilo ndilo swali linaloiangusha kopi yao ya 911 Is a Joke. 911 ni namba ya dharura ya Marekani, na Public Enemy, kundi la rap, waliiimba kwa hasira ya mitaa ya weusi wa Marekani ambako ukiita ambulansi haiji. Simon Le Bon, mwimbaji wa Duran Duran, staa wa Uingereza, anaileta juu ya gita la bluzi, na hasira yote inayeyuka. Hapo magazeti yaliponda kwa haki kabisa, tena kwa bendi ambayo miaka miwili tu kabla ilikuwa imerudi juu kwa Ordinary World, wimbo wao wenyewe, mzuri mno.

Lakini Q, jarida la muziki la Uingereza, lilipoitangaza Thank You mwaka 2006 kuwa albamu mbaya kuliko zote, lilizika wafu pamoja na wazima. Kwenye kopi yao ya White Lines yumo Melle Mel, rapa aliyeuimba tangu mwanzo. Mwenye mali kakubali, sisi ni nani? Na Perfect Day, Lou Reed aliyeutunga aliisifu kopi yao mwenyewe. Le Bon haigi ile sauti kavu ya Reed ya 1972, karibu ya kusema tu. Anauimba wazi, anazivuta silabi, na huzuni iliyojificha kwenye maneno inatoka nje. Huyo anajua anaimbia nini.

Anza na Perfect Day kabla hujasoma uhakiki wowote, halafu White Lines. 911 Is a Joke iruke.